Utaratibu wa Mstari na Utaratibu wa Majira: Historia ya Dhana ya Unadhifu katika Vibanja vya Ihanda, Karagwe

1.0 Utangulizi

Kivumishi cha Kiingereza *tidy* huhesabiwa miongoni mwa maneno mepesi. Mwanafunzi wa sekondari huambiwa kuwa maana yake ni nadhifu, naye huandika hivyo katika daftari lake na somo likaendelea. Hata hivyo, tafsiri hiyo inaficha historia. Neno *tidy* halikuzaliwa katika dhana ya usafi wala ya mpangilio, bali katika dhana ya wakati. Kwa upande mwingine, neno la Kiswahili *taratibu* lilizaliwa katika dhana ya kupanga vitu kwa daraja, na baada ya safari ndefu likafika kwenye wakati, yaani mwendo wa kiasi usio na pupa. Maneno haya mawili yamepishana njiani: moja limetoka katika majira likaenda kwenye mpango, jingine limetoka katika mpango likaenda kwenye majira.

Makala haya yanachunguza upishanaji huo na kuutumia kusoma upya historia ya kilimo na utawala katika Karagwe. Hoja inayotetewa ni kwamba migogoro kuhusu usafi na mpangilio wa mashamba katika eneo hilo haikuwa kati ya watu wa utaratibu na watu wasio na utaratibu. Ilikuwa kati ya taratibu mbili: ule wa mstari, ambao huonekana kwa jicho la anayepita, na ule wa majira, ambao huonekana kwa yule anayekaa. Aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kipi kiitwe utaratibu alikuwa pia na mamlaka ya kutoza faini, kuamuru na kuhamisha.

Kata ya Ihanda, wilayani Karagwe katika mkoa wa Kagera, imechukuliwa kuwa mahali pa rejea kwa sababu maisha ya wakazi wake yamejengwa juu ya kibanja, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na mazao mengine. Wilaya jirani ya Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo, yanayoelezwa hapa kuhusu Karagwe ya kale na ya kikoloni yanazihusu wilaya zote mbili.

2.0 Safari ya Maneno

Shina la *tidy* ni neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha wakati au majira, ambalo ndilo pia lililozaa neno la Kiingereza la maji kupwa na kujaa. Katika Kiingereza cha karne ya 13, kitu kilichoelezwa kwa kivumishi hicho kilikuwa kilichokuja kwa wakati wake: kilichoiva, kilichofaa msimu. Kutoka hapo maana ilipanuka ikawa kitu kizuri, chenye afya, cha kutosha. Ni kutoka tawi hilo ambako Kiingereza cha leo huweza kukiita kiasi kikubwa cha fedha kwa kivumishi hichohicho. Maana ya unadhifu wa chumba au mavazi ilitawala baadaye, kuanzia karne ya 18. Lugha ndugu zimehifadhi maana ya awali: neno la Kijerumani *zeitig* na la Kiholanzi *tijdig* hadi leo humaanisha mapema au kwa wakati.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba mzigo huo wote. Kina maneno kadhaa, na kila moja lina asili yake. *Nadhifu* na *safi* yote yanatoka katika Kiarabu. La kwanza linahusu usafi wa mtu na vitu vyake, la pili linahusu kutokuwa na takataka au mchanganyiko. *Nidhamu* linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kutunga shanga katika uzi, shina ambalo pia limekipa Kiswahili kitenzi *nadhimu*, yaani kutunga mashairi. *Mpango* na *mpangilio* ni ya Kibantu, kutoka kitenzi *panga*. *Safu* na *mstari* yanahusu vitu vilivyokaa mmoja baada ya mwingine.

Lenye historia ya kuvutia zaidi ni *taratibu*. Asili yake ni neno la Kiarabu la kuweka vitu katika ngazi zake, ambalo ni ndugu wa *martaba*, yaani cheo. Katika Kiswahili neno hilo lilianza kutumika pia kama kielezi. Anayeambiwa ajenge taratibu huweza kuelewa kwamba ajenge kwa mpango, kwa uangalifu, kwa upole, au bila haraka. Kiunganishi cha maana hizi si kigumu kukiona: anayefanya jambo kwa hatua zake hawezi kurukaruka, na asiyerukaruka huonekana kuwa anakwenda polepole. Mtazamo huohuo umo katika methali *haraka haraka haina baraka* na *mwenda pole hajikwai*. Katika methali hizo, polepole si uvivu, bali ni kuheshimu mfuatano.

Mofolojia nayo imeacha alama. Kiambishi *u-* kiliongezwa kuunda nomino dhahania *utaratibu*. Kisha umbo la zamani, *taratibu*, likaanza kueleweka kama wingi wa nomino hiyo, kama katika *taratibu za kisheria*. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha leo kina maumbo mawili yanayofanana kwa sauti lakini yanayoishi katika mazingira tofauti. *Taratibu* ya ofisini ni kanuni zinazotoka juu. *Taratibu* anayotamkiwa kijana anayeendesha pikipiki kwenye barabara yenye makorongo ni wito wa kwenda kwa kiasi. Mtu wa Ihanda hulisikia neno hilo kutoka pande zote mbili, mara nyingi katika siku moja.

3.0 Utaratibu katika Karagwe ya Kale

John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe mwezi Novemba 1861, wakati wa utawala wa Rumanyika wa ukoo wa Wahinda. Hawakuwa wageni wa kwanza kutoka pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuweka kituo Kafuro, karibu na makao ya mfalme ya Bweranyange, na Kiswahili kilifika huko pamoja nao. Msafara wenyewe ulikuwa somo la mpangilio: kirangozi mbele, wapagazi nyuma yake katika njia ya mguu mmoja, kila mtu na mzigo wake.

Speke alieleza sherehe ya mwezi mwandamo aliyoishuhudia katika makao hayo. Ngoma 35 zilikuwa zimepangwa safu chini, na wapigaji wao nyuma yake, na wakuu wa nchi walijitokeza mmoja baada ya mwingine kuonesha utii kwa mfalme. Jambo la kuzingatia ni kwamba safu hiyo haikupangwa siku yoyote ile. Ilipangwa mwezi ulipoandama. Mstari ulikuwepo, lakini ulikuwa mtumwa wa majira. Mkuu asiyefika kwa wakati wake alikuwa amevuruga utaratibu hata kama angesimama wima kuliko wote.

Kanuni hiyohiyo ilitawala kibanja. Katika jamii za Wanyambo na Wahaya, ardhi hutofautishwa kwa matumizi na kwa historia yake. Kibanja ni shamba linalozunguka nyumba, lililorutubishwa kwa miaka mingi. Kikamba ni sehemu ya pembezoni ya mazao ya msimu, au kibanja kilichochoka. Rweya ni mbuga ya nyasi, malisho ya ng'ombe na chanzo cha nyasi za kutandaza. Rutuba husafirishwa kutoka rweya kwenda kibanja kwa njia mbili: nyasi zinazokatwa na kubebwa, na samadi ya mifugo iliyolala nyumbani. Kibanja kizuri, kwa hiyo, hakikuanzishwa kwa msimu mmoja. Kilijengwa kwa vizazi. Tauni ya ng'ombe iliyoua mifugo mingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 haikuwapunguzia watu maziwa na mahari tu, bali ilikata mkondo wa samadi uliolisha vibanja.

Kwa jicho la mgeni, kibanja ni mchanganyiko. Migomba ya rika tofauti imesimama bila mistari, mibuni imejificha chini ya kivuli, maharage yametambaa katikati, na miti ya kivuli imeachwa hapa na pale. Kwa mwenye kibanja, kila kitu kimekaa mahali pake kwa sababu ya wakati wake. Shina moja la mgomba hutunzwa kama familia: mama mwenye mkungu, binti atakayefuata, na mjukuu atakayemrithi. Machipukizi mengine huondolewa. Anayeingia kibanjani anaweza kusoma kutoka katika shina moja mavuno ya sasa, ya baadaye na ya baada ya hayo. Huo ni mpangilio kamili, ila safu yake imo katika wakati.

4.0 Kahawa na Kanuni za Mwaka 1937

Kituo cha Kijerumani cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890, na utawala wa Uingereza ulichukua nafasi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kahawa haikuletwa na tawala hizo. Buni za robusta zilizochemshwa na kukaushwa zilikuwa zikitafunwa na kupewa wageni tangu kabla ya ukoloni, na buni mbili za tunda moja zilitumika katika kufunga udugu wa kuchanjana. Kilichobadilika ni kwamba katika miaka ya 1920 kahawa ikawa zao la biashara la kaya nyingi, na mibuni ikaongezwa katika vibanja vilevile vya migomba.

Ongezeko hilo liliwaletea maofisa wa kilimo tatizo la macho. Elimu yao, iliyotokana na mashamba makubwa ya zao moja, ilihesabu mistari iliyonyooka, nafasi sawa na udongo uliosafishwa kuwa dalili za mkulima hodari. Kibanja kilikosa dalili hizo. Mbuni uliokua chini ya mgomba ulionekana umetelekezwa, ilhali mwenyewe aliuona umewekwa kivulini. Bei iliposhuka baada ya mdororo wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929, wasiwasi kuhusu ubora wa kahawa ya Bukoba uliongezeka, na serikali ikaelekea kwenye kanuni za lazima za utunzaji na utayarishaji wa zao hilo.

Kanuni hizo zilikabiliwa na upinzani mkubwa katika wilaya ya Bukoba, ambayo wakati huo ilijumuisha Karagwe. Upinzani huo ulipamba moto katika himaya za Wahaya karibu na ziwa na kufikia ghasia mwaka 1937. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni chama cha wakulima wenyeji kilichohusishwa na Klemens Kiiza, mfanyabiashara na mkoboaji wa kahawa. Wanahistoria wameeleza sababu nyingi: hofu ya kupoteza mibuni na ardhi, chuki dhidi ya machifu walioonekana kuwa mikono ya serikali, na shauku ya wakulima ya kudhibiti soko lao wenyewe. Makala haya yanaongeza sababu moja ambayo haizifuti hizo: kanuni zilidai kukifundisha utaratibu kibanja ambacho mwenyewe alijua kuwa tayari kina utaratibu.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kung'oa au kukata kilicho katikati ya mzunguko wa shina la mgomba ni kuvunja mfuatano wa mama, binti na mjukuu, na chakula cha kaya cha miezi ijayo hutoweka pamoja nao. Kusafisha udongo ukabaki mtupu ni kuondoa tandazo lililohifadhi unyevu na rutuba. Ofisa aliyefika kwa siku moja angeona unadhifu umeongezeka. Kaya iliyobaki ingeona majira yamevurugwa. Kwa lugha ya shina la *tidy*, shamba hilo lingekuwa limepangwa lakini limekosa wakati wake.

Haina budi kukiri kwamba si kila kanuni ilikuwa ya upuuzi. Kahawa iliyochumwa ikiwa mbichi au kukaushwa vibaya ilishusha bei ya wote, na suala la kuchuma tunda lililoiva lilikuwa, kwa hakika, suala la majira. Hapo mkulima na ofisa wangeweza kuelewana. Kwamba hawakuelewana kunaonesha jinsi amri inavyoweza kuharibu hata hoja nzuri. Baadaye, kuanzishwa kwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba mwaka 1950 kuliweka sehemu ya mamlaka ya ubora na soko katika mikono ya wakulima wenyewe, jambo ambalo kanuni za kulazimisha hazikulifanya.

5.0 Vijiji, Usafi na Mstari wa Nyumba

Baada ya uhuru, lugha ya utaratibu ilibadilisha wasemaji lakini haikupoteza nguvu. Mwaka 1973 ulikuwa na matukio mawili yanayofaa kulinganishwa. La kwanza ni kampeni ya *Mtu ni Afya*, iliyotumia redio, vitabu na vikundi vya kusikiliza kuwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 kote nchini. Kampeni hiyo ilieneza maneno *usafi* na *unadhifu* hadi vijijini, lakini iliyaunganisha na sababu: choo, maji, mbu, ugonjwa. Kikundi kilijadili kwanza, kisha kikachimba.

La pili ni tangazo la mwezi Novemba mwaka huo kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri. Operesheni Vijiji iliyofuata ilihamisha mamilioni ya watu, na katika sehemu nyingi za Tanzania nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Hali ilikuwa tofauti katika maeneo ya migomba ya kudumu, yaani Kagera, ambayo wakati huo iliitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, pamoja na Kilimanjaro na Rungwe. Huko watu walikuwa tayari wakiishi karibu karibu ndani ya vibanja vyao, na makazi mengi yalisajiliwa kuwa vijiji palepale yalipokuwa. Kibanja kilichoonekana kuwa mchanganyiko katika miaka ya 1930 sasa kilikuwa kinga. Mgomba wa miaka mingi haungeweza kuhamishwa kama nyumba, na serikali ililazimika kuutambua mpangilio ambao haikuupanga.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mkulima wa kahawa akarudi kusubiri kwenye foleni ya utaratibu uliotoka mbali. Wakulima wa Karagwe walipopata chama kikuu chao, KDCU, mwaka 1990, kazi ya kurudisha imani katika neno *utaratibu* ilikuwa sehemu ya kazi ya kurudisha imani katika ushirika wenyewe.

6.0 Mnyauko wa Migomba: Pale Mstari na Majira Vinapokutana

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera. Ugonjwa huu huozesha ndizi ndani kabla ya wakati, hunyausha majani na hatimaye huua shina zima. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na huenezwa zaidi na visu na mapanga yanayotumika kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kwa kaya inayokula ndizi, kuingia kwa mnyauko kibanjani ni kupotea kwa mama, binti na mjukuu kwa pamoja.

Ushauri wa wataalamu kuhusu ugonjwa huu unastahili kusomwa kwa makini kama matini. Ua dume liondolewe mara chane ya mwisho inapokwisha kutokeza, si kabla wala si baada ya siku nyingi, na liondolewe kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Chombo cha kukatia kipitishwe motoni au kisafishwe kwa dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina lililougua liondolewe mapema. Hakuna hata agizo moja linalotaka mistari. Yote yanataka usafi na wakati kwa pamoja: kisu safi, na tendo lililofanyika katika siku yake.

Hapa ndipo maana za neno *taratibu* zinaporudi kuwa moja. Ni kanuni, kwa kuwa jirani asiyeifuata anaihatarisha kata nzima, na kwa sababu hiyo serikali za mitaa zimekuwa na haki ya kuisimamia. Ni uangalifu, kwa kuwa panga lililotumika kwa pupa ndilo linalobeba ugonjwa. Tena ni majira, kwa kuwa ua dume lililochelewa kuondolewa ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Ofisa ugani anayeeleza sababu hizi kwa mwenye kibanja hamletei utaratibu mpya. Anaongeza hatua moja katika utaratibu ambao mwenyewe anao, wa kusoma shina la mgomba na kujua lipi litangulie na lipi lifuate.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi wa neno jepesi umeonesha historia nzito. *Tidy* lilianza kama sifa ya kitu kilichokuja kwa wakati, likaishia kusifu chumba kilichopangwa. *Taratibu* lilianza kama tendo la kupanga kwa daraja, likafika kwenye ushauri wa kutokuwa na pupa. Katika Karagwe, kutoka safu ya ngoma za mwezi mwandamo hadi kanuni za kahawa za mwaka 1937, na kutoka Operesheni Vijiji hadi mapambano dhidi ya mnyauko, watawala na wakulima wametumia maneno ya unadhifu wakiwa na saa tofauti mikononi.

Matokeo haya yana umuhimu kwa watafiti wa lugha na wa historia pia. Kwa mtafsiri, kuandika *nadhifu* mbele ya *tidy* kunatosha kwa chumba, hakutoshi kwa shamba. Kwa mwanahistoria, ripoti za maofisa zinazolalamikia vibanja kukosa utaratibu hazina budi kusomwa kama ushahidi wa walichoweza kukiona kwa muda waliokuwa nao. Kwa mtunga sheria ndogo katika kata kama Ihanda, somo ni kwamba agizo lisiloeleza wakati na sababu yake litahesabiwa kuwa mstari mwingine uliochorwa na mpita njia.

Kabla ya kuamua kama kibanja kina utaratibu au hakina, inafaa kwanza aulizwe anayekitunza ni mgomba upi utakaofuata kuzaa. Akiweza kujibu bila kusita, utaratibu upo.